Maembe ya Makueni na Mali Inayotupwa Jalalani

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia kuu ya Mombasa, akishapita Athi River na mbuga kavu za Konza, huona nchi inaanza kushuka na joto linaanza kupanda. Hufika Salama, kisha Sultan Hamud, mji mdogo uliopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja katika siku zile reli ya zamani ilipokuwa ikijengwa, na baadaye hufika Emali. Hapo njia hugawanyika. Ya kuume huelekea Loitokitok na Mlima Kilimanjaro. Ya kushoto huelekea Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Mimi nilishika ya kushoto, katika mwezi wa Februari, nikiwa na ruhusa ya siku chache kazini, kwa nia ya kuitazama nchi ya maembe wakati wa mavuno yake.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaokaa maofisini twaijua Ukambani kwa habari za ukame tu. Ni kweli kwamba mvua huko si ya kutegemewa, na mito mingi ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka. Lakini mtu akiyainua macho ataona vilima vilivyopigwa matuta kutoka chini hadi juu, kama ngazi za nyumba kubwa. Matuta hayo hayakuja yenyewe. Katika miaka ya 1930 udongo wa nchi hii ulikuwa ukichukuliwa na maji hata watu waliopita walidhani itakuwa jangwa. Wenyeji wakaushika udongo wao kwa jembe na koleo, hasa kwa vile vikundi vya kazi vinavyoitwa mwethya, ambapo jirani humsaidia jirani leo naye kesho akasaidiwa. Nawaomba wasomaji walikumbuke neno hilo mwethya, kwa sababu tutalihitaji tena mbele.

Juu ya matuta hayo sasa imesimama miembe. Mingi ni ile ya kuunganishwa: embe la Apple, lenye umbo la mviringo na rangi nzuri, Kent, Tommy Atkins, na ngowe, ambalo watu wa Pwani walijua zamani kuliko hayo yote. Mwembe hupenda jua, na mizizi yake huenda mbali kutafuta maji, kwa hiyo hustahimili mahali ambapo mahindi hunyauka.

Embe halimngoji mtu

Mwezi wa Februari, kando ya njia ya Wote, embe ndilo kila kitu. Yako katika ndoo, yako katika mabeseni, yako katika makreti yaliyopangwa juu ya malori, na mengine yamelala chini ya miti yakiwa yamepasuka, nyuki na nzi wakiyashangilia. Nilisimama kwa mzee mmoja mwenye miti yapata sitini, nikamwamkia, akanipa kigoda na embe la kula. Nikamwuliza, "Mzee, mavuno mema namna hii, mbona uso wako si wa mtu aliyevuna?"

Akanijibu, "Mwanangu, embe halimngoji mtu. Likiiva la kwangu, la jirani limeiva pia, na la jirani yake. Mnunuzi huja na bei yake mfukoni. Nikikataa leo, keshokutwa litakuwa chakula cha inzi."

Neno lake lina kweli yote ya biashara ya matunda. Mahindi mtu aweza kuyaweka ghalani akangoja bei, embe haliwekeki. Kwa ajili hiyo, baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, serikali ya Kaunti ya Makueni, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, ilijenga kiwanda cha matunda huko Kalamba, ili maembe yageuzwe kuwa rojo la kutengenezea maji ya matunda. Rojo likishachemshwa na kufungwa vema halihofu tena siku wala juma, na mkulima hupata mlango wa pili wa kuuzia.

Kazi ya viwanda vya namna hii si vigumu kuieleza. Maembe huoshwa, yakachaguliwa, yaliyooza yakatolewa. Kisha mashine huyaponda na kuyasukuma katika chujio la chuma: nyama ya tunda hupita, maganda na makokwa hubaki nje. Rojo huchemshwa ili vijidudu vife, likatiwa katika mifuko safi ndani ya mapipa. Hapo ndipo sifa za embe huishia katika mawazo ya watu wengi. Lakini mimi nataka tugeuke nyuma ya mashine, tuitazame ile chungu iliyobaki.

Katika kila embe, nyama ndiyo sehemu kubwa, lakini si yote. Tuseme kwamba katika maembe ya kilo 1,000 maganda ni kilo 150 hivi na makokwa ni kilo 150 hivi. Aina nyingine huzidi, nyingine hupungua. Maana yake ni kwamba kwa kila malori kumi yaingiayo kiwandani, matatu huwa yamebeba kitu ambacho hakuna atakayekinywa. Je, kitu hicho ni taka, au ni mavuno ya pili ambayo hatujajifunza kuyavuna?

Mali iliyomo katika ganda

Tuanze na ganda. Ndani ya maganda ya matunda mengi mna kitu kiitwacho pektini. Mwana-kemia wa Kifaransa, Henri Braconnot, ndiye aliyekieleza na kukipa jina mwaka 1825. Kazi yake katika tunda ni kama kazi ya udongo kati ya matofali: hushikamanisha. Mama apikaye jamu akaona imeganda vizuri bila kuwa maji maji, ajue kwamba pektini ndiyo iliyoigandisha, ikisaidiwa na sukari na uchachu. Hutumika pia katika peremende na katika dawa kadhaa.

Pektini nyingi inayouzwa duniani hutoka katika vitu vilivyokuwa vya kutupwa: maganda ya ndimu na machungwa yaliyokwisha kukamuliwa, na makapi ya tofaa baada ya maji yake kutolewa. Wataalamu wamepima maganda ya embe nayo wakakuta pektini nzuri, mara nyingi zaidi ya sehemu kumi katika mia za ganda lililokauka.

Njia ya kuitoa ni hii. Maganda huoshwa, hutiwa katika maji ya moto kwa muda mfupi ili kuzuia pektini isiharibike, kisha hukaushwa. Baadaye hupikwa katika maji yenye asidi, karibu na kuchemka, kwa muda wa saa moja hivi, mpaka pektini iyeyuke na kuingia majini. Maji hayo huchujwa, hutiwa alkoholi, na mara pektini hujikusanya kama utando mzito. Huo hukamuliwa, ukaoshwa, ukakaushwa na kusagwa, ukawa unga mweupe au wa rangi ya maziwa.

Nimeandika hatua hizo zote ili msomaji asidanganyike. Alkoholi hushika moto upesi, asidi huunguza, na kiwanda kisichoikusanya tena alkoholi yake ili itumike mara ya pili hupata hasara. Kwa hiyo kutoa pektini si kazi ya jikoni. Ni kazi ya kiwanda chenye wataalamu na mtaji. Lakini kukausha maganda vizuri, siku ile ile yanapotoka katika mashine, ni kazi ambayo kikundi cha wanakijiji chaweza kuifanya, na bila kazi hiyo kiwanda cha pektini hakina la kupika.

Mali iliyomo katika kokwa

Sasa tulipasue kokwa. Ndani ya lile gamba gumu lenye nyuzi mna kiini cheupe. Watoto hukichezea, ng'ombe hukikanyaga. Lakini kiini hicho, kikikauka, kina mafuta yapata sehemu kumi katika mia, nayo ni mafuta ya namna ya pekee. Yakiwa baridi huganda kama siagi, na mtu akiyapaka huyeyuka kwa joto la mwili wake. Kwa tabia hiyo yanafanana na mafuta ya kakao, ambayo ndiyo huifanya chokoleti kuwa ngumu mkononi na laini mdomoni.

Jambo hilo si la kubahatisha. Katika sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 2000 juu ya chokoleti, yametajwa mafuta sita tu ya mimea yanayoruhusiwa kuongezwa, yasizidi sehemu tano katika mia, na moja katika hayo sita ni mafuta ya kiini cha embe. Watengenezaji wa sabuni na mafuta ya ngozi nao huyatafuta. Huko Bara Hindi, nchi inayolima maembe mengi kuliko nchi yoyote duniani, makokwa hukusanywa na mafuta yake hukamuliwa kama biashara.

Lakini tufanye hesabu kama makarani, tusifanye kama wapiga ramli. Katika maembe ya kilo 1,000 tulipata makokwa kilo 150. Tukipasua, viini ni kama nusu, yaani kilo 75. Tukivikausha, huenda vikabaki kilo 40. Sehemu kumi katika mia za kilo 40 ni kilo 4. Basi tani nzima ya maembe hutoa kilo 4 tu za mafuta. Mtu mmoja mwenye miti sitini hawezi kununua mashine kwa mafuta ya kiasi hicho. Zaidi ya hayo, mashine za kukamulia karanga na simsim hazifai sana hapa, kwa kuwa mafuta ya kiini cha embe ni machache na hubaki yamenyonywa katika makapi. Viwanda vikubwa huyaosha kwa dawa iyeyushayo mafuta, na dawa hiyo nayo hushika moto kama petroli.

Je, hesabu hii yatukatisha tamaa? Hasha. Inatuonyesha tu kwamba mali hii ni ya wengi, si ya mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni sharti haba zote zitiwe katika kibaba kimoja.

Majirani wa embe: nanasi na korosho

Msomaji wa Thika atauliza, "Nasi wa mananasi je?" Nanasi nalo lina siri yake. Mtu alaye nanasi bichi akauhisi ulimi wake ukiwasha, amekutana na bromelaini, kitu kilichomo katika nanasi ambacho hukata nyama vipande vipande, kama vile papai bichi linavyolainisha nyama ngumu katika masufuria ya Pwani. Ilitambulikana katika maji ya nanasi mwaka 1891, na mwaka 1957 wataalamu huko Hawaii wakatangaza kwamba imo kwa wingi katika shina, yaani ile sehemu inayoachwa shambani baada ya tunda kukatwa. Leo hutumika kulainisha nyama, na tangu mwaka 2012 dawa iliyotengenezwa kutokana nayo imeruhusiwa katika nchi za Ulaya kwa kuondoa ngozi iliyokufa juu ya majeraha ya moto, hivyo kupunguza kazi ya kisu cha daktari.

Na msomaji wa Kilifi ataukumbuka mkorosho, ambao ni wa ukoo mmoja na mwembe. Kila aliyebangua korosho ajua jinsi mafuta ya ganda lake yanavyochoma vidole. Mafuta hayo hayo machungu hutafutwa na watengenezaji wa breki za magari na wa vanishi. Kwa kuwa ni ndugu, utomvu wa embe pia huweza kuwasha ngozi ya watu wengine. Afanyaye kazi ya kumenya maganda mengi na avae glovu, na anawe mikono kwa sabuni.

Hatari ya kuacha mambo yalivyo

Wengine watasema, "Tukiyaacha maganda na makokwa yaoze, si yatakuwa mbolea?" Yakifukiwa kwa utaratibu, ndiyo. Lakini jalala la wazi ni adui. Maji yake machachu yakishuka mtoni huua samaki, na harufu yake huita nzi kutoka mbali. Maembe mazima yaliyooza na kuachwa chini ya miti ni mabaya zaidi, kwa maana humo ndimo funza wa inzi wa matunda hukua, wakashuka ardhini, wakatoka wakiwa inzi wapya kushambulia mavuno mengine.

Hasara ya mdudu huyo twaijua. Aina moja ngeni, yenye asili ya Asia, iligunduliwa katika Pwani ya Kenya mwaka 2003, ikaenea upesi. Mwaka 2014 nchi yetu ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya inzi hao, na ilichukua mpaka mwaka 2021 kuanza kuyapeleka tena. Miaka saba ya mlango uliofungwa! Kwa hiyo akusanyaye maembe yaliyoanguka akayafukia au kuyafunga ndani ya mifuko juani anamtumikia jirani yake pamoja na yeye mwenyewe.

Iko hatari nyingine, nayo watu wa Makueni hawahitaji kufundishwa na mtu. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yalishika kuvu, na sumu ya kuvu hiyo, iitwayo aflatoksini, ikawaua watu 125 katika wilaya za mashariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Kuvu haichagui kati ya punje ya hindi na kiini cha embe. Kiini kikirundikwa kibichi katika gunia, mafuta yake huchacha na kuvu huota. Anayetaka kukiuza kwa chakula cha watu au cha mifugo hana budi kukikausha upesi, juu ya turubai au kichanja, si juu ya mchanga mtupu, mpaka kikibonyezwa kivunjike kwa mlio, kisipinde. Tena asiwape kuku au nguruwe viini vibichi kwa wingi, kwa sababu vina ukakasi unaozuia chakula kusagika tumboni. Hupunguzwa kwa kuviloweka au kuvichemsha na kuyamwaga maji yake.

Tena tujihadhari na maneno ya wachuuzi. Ni kweli kwamba ganda na kiini cha embe vina vitu vingi ambavyo wataalamu wanavichunguza kwa ajili ya afya. Lakini kuchunguzwa si kuthibitishwa. Mtu akikuuzia unga wa makokwa sokoni akisema waponya kila ugonjwa, mwulize ni hospitali gani iliyoupima.

Kazi hii ni ya mwethya

Basi, lifanyike nini? Kwa maoni yangu, Makueni ina kitu ambacho nchi nyingi zenye maembe hazina: watu waliozoea kushirikiana. Kikundi cha jirani ishirini chaweza kuwa na vichanja vya kukaushia, turubai, mizani ya haki, na daftari. Kila mtu alete makokwa yake siku ile ile alipouza au kusindika matunda. Yapasuliwe, viini vikaushwe, vipimwe, viandikwe kwa jina lake. Vikundi vikijiunga katika chama cha ushirika, mzigo utakuwa wa tani, na mnunuzi wa tani husikilizwa na muuzaji wa tani. Hapo hakuna atakayekuja na bei yake mfukoni.

Lakini, ndugu zangu, lifanyike kwa mpango huu: kwanza mnunuzi, pili kichanja, tatu mashine. Hapana faida kukausha viini vya msimu mzima kabla ya kumpata mtu wa kuvinunua na kujua avitaka vikavu kiasi gani. Wala haifai kununua mashine kwa kuwa inang'aa. Viongozi wa ushirika waende kwanza kwa watengenezaji wa sabuni na mafuta ya ngozi wakiwa na kilo chache za viini safi, waulize bei, waandikiane. Maofisa wa kilimo wa kaunti wapo, nao ndio wa kuulizwa juu ya kukausha na kupima unyevu.

Na wale wasio na soko la viini bado wanalo la kufanya. Maganda na makapi yakichanganywa na samadi na majani makavu, yakafunikwa na kugeuzwa, hurudi shambani kuwa mbolea. Magamba ya makokwa yaliyokauka huwaka vizuri chini ya chungu, na huokoa safari ya mama kwenda kutafuta kuni.

Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Rojo la embe ndilo msala: lapendeza, lasifiwa, na lipate sifa zake. Lakini ganda na kokwa ndizo mbachao zetu, nazo zimelala jalalani kwa miaka mingi zikingoja mwenye kuziokota. Watu waliolishika vumbi la vilima vyao kwa matuta, wakati wengine walipokuwa wamekata tamaa, hawatashindwa kulishika kokwa la embe.